Mama Yangu Mwenye Miaka Mitano

Ottawa, Machi 3

Mama mpendwa,

Goti linaendeleaje na baridi? Mimi sijambo, ila nyama ya dukani imenichosha. Naota nyama ya sili wetu wa baharini hadi nalamba vidole usingizini.

Nina jambo zito. Unajua ofisi yetu inapima hali ya moyo ya watoto wetu wa Kiinuiti huko kaskazini: furaha yao, huzuni yao, wanavyoishi na wenzao. Majibu ya shule yenu yamefika, na ya mwanangu Arnaujaq yamo. Ni mabaya, Mama. Mwalimu mgeni ameandika kwamba hajibu akiulizwa, hajui nani ni nani katika familia, wala hana kitu anachojivunia. Wanataka aletwe huku kusini, akae miezi mitatu kwa wataalamu. Inangojwa saini yangu tu, na nimeamua kuitia. Kosa si lako. Mimi ndiye niliyemwachia bibi yake malezi nikaja kusoma, kisha nikabaki na kazi.

Usinikasirikie.

Mwanao,
Tapisa


Iqalulik, Machi 11

Binti yangu,

Sisi wazima. Goti linalalamika kuliko mbwa mwenye njaa, lakini linatembea. Nimekukasirikia, tena sana, kwa hiyo keti.

Eti hajibu! Mwalimu alimwuliza, "Unapenda shule?" Akainua nyusi: ndiyo. "Una huzuni?" Akakunja pua: hapana. Alitaka nini tena, apigiwe ngoma? Wewe mwenyewe hadi leo unanijibu kwa nyusi kwenye simu, nami nakupigia kelele, "Tapisa, sikuoni!"

Eti hajui nani ni nani. Tulipompa jina la marehemu mama yangu, akawa mama yangu. Namwita Mama, ananiita binti, na wewe ni mjukuu wake. Juzi nilimfokea kwa kumwaga chai, mjomba wako Jupi akanijia juu: "We Aigah! Ndivyo unavyosema na mama yako?" Nikaomba radhi, jitu zima, mbele ya meno ya maziwa. Mtoto anajua alipendwa kabla hajazaliwa, nanyi mnamwandika amepotea!

Na hicho cha kujivunia: mwezi uliopita alivua samaki wake wa kwanza kwenye tundu la barafu. Akampelekea mkunga aliyempokea alipozaliwa, mzima mzima, kama inavyompasa. Alirudi mikono mitupu, anatembea kama aliyeua dubu. Nyinyi mnauliza ana kitu gani chake. Mnapima moyo au kabati?

Watu wa kusini walianza kutupima mafuvu, wakaja kwenye akili, sasa wamefika mioyoni; na kila wakimaliza kupima, kuna mtoto anapandishwa ndege. Kaka yetu mkubwa, mimi na Jupi, alipandishwa ana miaka sita. Alirudi hajui tena lugha yetu; mama akisema, alitazama midomo yake tu.

Sisemi Arnaujaq hana huzuni. Ulipoondoka alilala na kofia yako hadi manyoya yakapukutika. Mbona hilo hamkuliuliza? Mngemwuliza, "Ukilia, nani huja?" angewatajia nusu ya kijiji.

Usitie saini.

Mama yako,
Aigah


Iqalulik, Aprili 9

Binti yangu,

U mzima? Barua haiji, simu hupokei. Leo mwalimu amesema ndege ya mtoto ni tarehe ishirini. Nimemshonea koti jipya, na kila nikivuta uzi najiuliza namshonea safari gani hii.

Nilikuwa mkali, ndiyo. Lakini hata nyumba ya mkali ina mlango. Kila asubuhi Mama huniuliza, "Mjukuu wangu amekula?" Namwambia umekula. Usinifanye mwongo.

Mama yako


Ottawa, Aprili 14

Mama,

Nimekula. Nisamehe kimya. Barua yako ilinikuta nimeshatia saini, na niliona haya kukuandikia kabla sijaifuta.

Mkuu wangu alisema, "Wewe ni mama, huwezi kuona sawasawa." Nikamwuliza, "Basi nani ataona?" Kwenye mkutano aliniuliza kama nakubaliana na matokeo. Nikakunja pua. Akarudia. Nikakunja tena. Alipouliza mara ya tatu nikasema, "Nimekwisha kukujibu. Niandike na mimi nipelekwe kwa wataalamu?" Wakacheka, halafu wakaifungua upya karatasi ya maswali.

Ndege imefutwa. Maswali hayajafutwa, yamesimamishwa hadi wazee wa vijiji wasikilizwe. Ni kidogo, najua. Lililobaki nitalipigania. Sasa mwulize Arnaujaq lile swali lako, uniandikie kama atakavyosema.

Mwanao,
Tapisa


Iqalulik, Aprili 25

Mjukuu wangu,

Anayeandika ni binti yangu Aigah, mimi najua herufi tatu tu. Mimi mzima. Wewe umekula?

Nikilia huja Aigah. Huja Jupi, lakini ananuka mafuta ya pikipiki ya theluji. Huja mkunga. Mbwa huja hata nisipolia. Wewe huji kwa sababu ni mbali, kwa hiyo nikilia kwa ajili yako nalia kwa sauti zaidi.

Wewe ukilia huko, nani huja? Kama hakuna mtu, rudi.

Nimevua samaki mwingine. Huyu si wa kwanza, kwa hiyo tunamla sisi. Kichwa nimekuwekea.

Bibi yako,
Arnaujaq