Senene na Shairi la Estelle

Kasubi, Kampala

Dada yangu Rosalba,

Nakusalimu wewe kwanza, kisha shemeji Mugisho na mgongo wake, kisha Ulrich na mkewe, na mapacha kama bado wanakohoa. Mama mkwe wako mwambie nayaombea macho yake. Mmeamkaje huko Bukavu? Sisi tu wazima, ila moyo wangu ndio haulali.

Estelle amepewa shairi shuleni, alieleze mbele ya wazazi. Linasema kila chenye pumzi kina uchungu wake, basi mkono wenye nguvu uwe mpole. Nilitaka anisomee mimi. Akasema mama utachoka bure, akaenda kwa jirani yetu Loice, mwalimu mstaafu, mwanamke asiyewahi kubeba mimba. Kila jioni nawasikia wanacheka nyuma ya ukuta. Mimi nalisha, nafua, nasuka nywele. Anayechekewa ni Loice.

Sasa ni msimu wa senene, panzi hawa wa kukaanga, na ndio biashara yangu. Nilimwita tung'oe mabawa pamoja, maana hapo ndipo mtoto hunipa habari zake. Akakataa. Akasema tunawang'oa wakiwa hai, na shairi limekataza. Dada, nilimsikia Loice mdomoni mwa mwanangu. Nikaenda kumgongea, nikamwambia kama yeye hakuzaa, asinifundishie wangu kunidharau.

Nilimkuta na beseni la senene mapajani, anang'oa peke yake. Hakukasirika. Akasema hata yeye mtoto amemgomea tangu jana, amemwambia, mwalimu, wewe umelisoma tu, hujalielewa. Akasema anafikiria awamwagie maji ya moto kwanza, wafe mara moja, ndipo ang'oe. Akaniuliza naonaje. Nikasema sijui mambo hayo, nikaondoka.

Dada, nikwambie wewe tu. Nilifurahi kusikia naye kagomewa. Nikakimbia kuchemsha maji kabla hajamwambia mtoto. Nikamwambia Estelle ndivyo bibi yetu alivyofanya, alikuwa hapendi kiumbe kiteseke. Ungeona alivyonitazama. Alikaa, tukamaliza beseni zima, akanieleza shairi mstari kwa mstari, nami nikaelewa.

Sasa shuleni atasimulia habari za bibi, na Jumapili atakupigia akuulize zaidi. Nawe unajua bibi alikuwa akiwang'oa wanarukaruka, huku anaimba. Leo bombani Loice ameniuliza kama yale maji yanafaa. Nimemwambia sijajaribu.

Simu anashika Estelle, ndiyo maana naandika. Akikuuliza, mwambie ndiyo, bibi alikuwa hivyo. Ukisema hapana atarudi kwa Loice, na safari hii sitakuwa na la kumwitia.

Nisalimie wote, na majirani wanaonikumbuka. Barua hii anayo Barnabé wa vitenge, anarudi huku Ijumaa. Mpe jibu mkononi, hata neno moja, linifikie kabla ya Jumapili.

Mdogo wako,
Julienne, mama Estelle