Ndoo ya Waisiko

Genkuru,
S.L.P. 37,
Tarime.
22 Agosti 1993

Mpendwa kaka Waitara,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta mzima huko Tanga, wewe, wifi Eunice na watoto. Je, lile goti limepoa, au bado unachechemea kama ulivyotoka hapa? Wifi akikushindilia wali wa nazi kila siku, usishangae goti likilalamika. Sisi huku tu wazima wa mwili. Nasema wa mwili kwa sababu, kaka, moyoni nimejaa aibu, na aibu hiyo ndiyo iliyonikalisha niandike.

Telegramu ilikuambia kwamba bibi yetu Gati amefariki na tumemzika. Najua iliuma kuipata wakati kaburi limeshafunikwa. Usijilaumu, safari ya kutoka huko si ya kuamka na kufika. Lakini telegramu haikukuambia maji ya kumwoshea yalitoka wapi. Hilo nataka ulisikie kwangu kabla hujalisikia kwa watu.

Genkuru uliyoiacha haipo tena. Tangu dhahabu ionekane upande wa pili wa kilima, watu wamemiminika kutoka Geita, Kahama, Kisii, na wengine hata lugha zao sizijui. Shamba la mahindi la kina Simon sasa ni mitaa: vibanda vya turubai, gesti, mabanda ya video. Pampu ya shuleni ilivunjika mpini na hakuna aliyeitengeneza. Mtaalamu wa maji alikuja, akapimapima kwa kamba yake, akala kuku wa mwenyekiti, akaondoka. Basi mji mzima ukabaki kutegemea chemchemi yetu.

Unaukumbuka utaratibu wa Bibi: mpita njia anywe kwanza, akina mama wachote, ng'ombe wanywe chini kwenye mkondo, na mtu asifulie juu. Kwa kaya zetu chache ulitosha. Kwa umati huu haukutosha, watu wakaanza kugombana na kupasuliana madumu. Ndipo kikao cha kijiji kikaamua tuweke uzio na geti, na mdogo wetu Heche ashike ufunguo, afungue asubuhi na jioni. Wewe mwenyewe uliandika ukakubali, maana shamba lenye chemchemi ni lako, mzaliwa wa kwanza. Wazo halikuwa baya. Miezi ya mwanzo foleni ilikwenda vizuri, nami nilitamba kweli kwamba ukoo wetu unanywesha mji.

Kisha wenye mialo ya kuoshea mchanga wa dhahabu wakaja na mapipa juu ya mikokoteni ya ng'ombe. Heche akaanza kuwafungulia mchana, wakawa wanamlipa. Mchanga ule hauna shibe, kaka. Chemchemi ikawa haipati nafasi ya kujaa. Akina mama wakija jioni wanakuta tope, na Heche anawaambia wakanunue kwa wenye mapipa. Maji yale yale!

Usidhani namchongea Heche peke yake. Bati jipya lililo juu ya kichwa changu limetokana na mapipa hayo, na sikukataa kulala chini yake. Siku moja nilikuwa ndani ya uzio nafua, jirani yetu Waisiko akafika getini na ndoo mkononi, mtoto mgongoni. Geti lilikuwa limefungwa. Aliniita mara moja tu. Nikainamia karai kama sikusikia, mpaka akaondoka. Na kufua kwenyewe nilikuwa nafulia juu, pale pale Bibi alipokataza.

Bibi alikata roho alfajiri. Jana yake mapipa yalikuwa yamechota mpaka jioni, kwa hiyo nilipokwenda na Heche kufungua geti tulikuta tope na vyura. Nyumbani palikuwa na maji nusu mtungi. Waombolezaji wanaingia, hakuna maji ya kumwosha marehemu wala ya kusonga ugali. Heche alikaa juu ya jiwe akashika kichwa. Unajua kwetu akina mama huja msibani na maji na kuni. Nikasema moyoni, leo watakuja mikono mitupu, na watakuwa na haki.

Walikuja wamejitwisha. Walikuwa wametembea mpaka mto Mara na kurudi, umbali ule unaoujua, mstari mrefu wa ndoo na madumu, na aliyetangulia alikuwa Waisiko. Akatua ndoo yake mlangoni kwetu.

"Pole, Mokami," akasema. "Bibi hakutunyima."

Hakusema kwa ukali. Angenitukana, labda ningepumua. Alipita tu akaenda kusaidia jikoni. Tukamwosha Bibi kwa maji ya mtoni, yeye aliyekuwa na chemchemi. Sijawahi kuona aibu ya namna ile, na mpaka leo nikikutana na mwanamke njiani naangalia chini.

Nilidhani Heche amejifunza. Tulipoanua tanga tu, mapipa yakarudi. Nilipomsema akanijibu, "We dada, mimi nimeshapatana na watu. Hilo shamba ni la Waitara, siyo lako. Akisema yeye, nitaacha." Wazee walimwita, akawajibu hivyo hivyo.

Kwa hiyo, kaka, neno limebaki kwako. Usiniandikie mimi. Mwandikie yeye, kwa mkono wako, na barua isomwe mbele ya wazee. Mwambie maji ni ya watu kwanza. Ufunguo washike akina mama wenyewe kwa zamu. Wenye mialo wachimbe lambo lao huko bondeni, warudie maji yao yale yale machafu, mchanga hauumwi tumbo. Najua tutapungukiwa. Tutakula tulichokuwa tukila kabla ya mapipa, na hatukufa.

Ndoo ya Waisiko bado iko hapa. Hujasahau kwamba kwetu haturudishi chombo cha jirani kikiwa kitupu. Kuijaza ningeweza, maana mimi Heche hanifungii. Lakini nimpelekee vipi maji ya geti lililofungwa kwake? Nimeiweka nyuma ya mlango. Kila asubuhi nikifagia naiinua, nafagia chini yake, nairudisha pale pale.

Mama mdogo Rhobi anakusalimu sana, anasema usimsahau kwa khanga. Simon naye anakusalimu. Nibusie watoto, na umwambie wifi nimekumbuka kicheko chake. Mungu awalinde nyote, akuponye goti, na siku utakapofika hapa tukupokee kwa maji ya kwetu.

Ni mimi mdogo wako akupendaye, ninayengoja barua yako kwa Heche,

Mokami