Mkeka wa Karani

3 Machi

Mpwa wangu,

Pokea salamu za mjomba wako. Mimi mzima, ila mgongo unanidai umri. Nawe natumaini u mzima, na mikono yako haijaliwa na sabuni za hiyo hospitali unakofulia mashuka.

Barua yako nimeisoma mara mbili. Kumbe mwenye nyumba wako atakubali uishi na mbwa wako Karani, bora alale kwenye mkeka nusu saa nzima mbele ya wageni, asibweke, asimrukie mtu. Akishindwa, utampa yule mtu wa kiwanda cha mbao anayetaka mbwa wa ulinzi, amfunge mnyororo. Hilo tu ndilo linakukosesha usingizi? Mimi niliwahi kunadi farasi kipofu, na nilivyomsifu, farasi mwenyewe alipiga magoti kuwashukuru wanunuzi. Leo nishindwe na mbwa niliyekulelea miezi saba? Nipe wiki moja.

Mjomba wako

9 Machi

Shikamoo Mjomba,

Hujambo na mgongo? Mimi sijambo, mikono imechubuka kidogo tu. Wiki inaisha na sijasikia neno. Mwenye nyumba anakuja kumtazama tarehe kumi na tatu mwezi ujao. Yule wa mbao kanionyesha na mnyororo wenyewe, Mjomba. Mzito kama wa lango. Karani anaendeleaje? Niambie ukweli, usiniambie ya farasi.

Mpwa wako

17 Machi

Mpwa wangu,

Natumaini u salama. Mimi mwili mzima, moyo ndio mgonjwa.

Nilimtandikia mkeka mpya. Nikamwambia "Lala" kwa sauti yangu ya mnadani, ile inayofika mpaka kituo cha mafuta. Akalala. Nikamwita, "Haya, njoo uchukue mzigo wako," nikampa kipande cha ini. Siku mbili tu alikuwa hodari. Sasa nikisema lala, anagusa mkeka kwa tumbo kisha anachomoka kama amekalia kaa la moto, ananijia mdomo wazi.

Hilo dogo. Kubwa ni yule mama fundi cherehani wa mlango wa pili. Kwake Karani analala juu ya mkeka wa vitambaa chakavu tangu asubuhi mpaka mashine inafungwa. Wateja wanamruka kama kizingiti. Juzi ananiambia, "Jirani, mbwa wako mstaarabu." Nikamjibu, "Kafundishwa." Mbwa anakula kwangu, anaogeshwa na mimi, utulivu anakwenda kuumwaga kwa mtu mwingine.

Basi nikaamini dawa imo kwenye ule mkeka. Fundi alipotoka kununua nyuzi nikauchukua. Karani akaunusa, akanitazama, akarudi kulala kwenye saruji tupu chini ya cherehani. Hata siku mke wangu aliponihama sikuumia hivi. Mkeka nimeurudisha, nikasema nilikwenda kuukung'uta.

Mjomba wako

22 Machi

Shikamoo Mjomba,

Pole na moyo. Nimecheka hadi wenzangu wakazima mashine wajue kuna nini, halafu nikaacha kucheka, maana siku zimebaki ishirini na mbili.

Mjomba, wewe umezoea mteja akishinda mnada aje mezani kwako achukue mali yake. Na Karani umemfundisha hivyo hivyo. Umemwonyesha kwamba malipo yapo kwako, kwenye mkeka hakuna kitu, ndiyo maana anauacha. Ini mpelekee pale pale alipolala. Liweke katikati ya miguu yake ya mbele, akiwa ametulia. Kama huniamini, kamtazame fundi.

Na nakuomba, kwa heshima zote, nyamaza.

Mpwa wako

5 Aprili

Mpwa wangu,

Hujambo? Mimi sijambo, na nimepungua.

Nilikwenda kwa fundi. Nilimwambia nimekuja kuulizia kiraka cha suruali. Nikaona. Kila Karani akishusha kidevu sakafuni, mama yule anainama, anamdondoshea chembe puani, anaendelea kushona, hata hamtazami. Nikamuuliza, "Unamwambiaje?" Akasema, "Simwambii kitu. Wewe jirani unamnadia mbwa. Mimi namwacha apumzike." Nilitamani kumjibu jambo la kumkata maini.

Nikarudi nikakaa kwenye kigoda, ini mfukoni, mdomo nimeufunga. Kunyamaza ni kubeba zege, mpwa wangu. Siku ya kwanza nilimaliza dakika nne, jasho linanitoka. Siku ya tano akashusha kidevu. Jana aliangukia ubavu, akavuta pumzi ndefu, akaiachia, kama mtu aliyevua viatu. Nusu saa na dakika sita. Nilitaka kupiga ukuta fundi aje ashuhudie, nikaona nitamwamsha. Nikabaki na ushindi wangu peke yangu, sikumtangazia mtu.

Njoo Jumamosi umchukue. Naandika hivyo, lakini mkono hautaki.

Mjomba wako

15 Aprili

Shikamoo Mjomba,

Hamjambo huko? Sisi wazima, mimi na Karani.

Mwenye nyumba alikuja na dada zake wawili, wote wasemaji. Kijiko kilianguka, mlango ukabamizwa na upepo. Karani aliinua sikio moja, akalirudisha. Dakika arobaini. Mama mwenye nyumba akasema, "Huyu abaki."

Amempenda kupita kiasi. Nikiwa kazini anakuja kumchukua, amemtandikia zulia dogo karibu na kiti chake. Jana nimemsikia anawaambia wageni, "Huyu ni mwanangu." Nimefurahi, ila sikujua nicheke au nifanyeje. Asante sana Mjomba. Umeniokoa.

Mpwa wako

21 Aprili

Mpwa wangu,

Salamu utazipata mwisho wa barua kama nafasi itabaki.

Mwanawe? Tangu lini? Alikuwa wapi nilipokuwa nameza maneno kwenye kigoda? Nimemsomea fundi barua yako. Alisimamisha cherehani, na mama yule hasimamishi cherehani hata nyumba ikiungua. Tulikaa tumenuna wote wawili, mkeka mtupu katikati yetu. Mwisho akasema, "Jirani, basi la asubuhi linaondoka saa ngapi?"

Tunakuja Jumapili. Hatuji kugombana. Fundi anamshonea Karani kitu cha kulalia, mimi nimenunua ini, na njiani nitafanya mazoezi ya kutosema. Lakini kabla hatujafika, mtangulizie huyo mama mwenye nyumba neno moja, kwa upole: mbwa huyo ana kwao.

Mjomba wako