Kamera Iliyochangiwa kama Harusi

Shikamoo Babu,

Sijawahi kumwambia mtu yeyote jambo hili: natamani kuwa mpiga picha kama ulivyokuwa wewe hapo Bukoba, ila naona aibu kuwaamuru watu wasimame vizuri.

Ile kampuni iliyotengeneza kamera yako ya filamu, iliyofungwa zamani, imefufuka! Watu wa nchi nyingi waliichangia mtandaoni, na Mjomba Deo na wapiga picha wenzake wa Mwanza nao wakachanga. Jana kamera yao ilifika. Mzee Kulwa, mmoja wao, akalalamika, "Tumechanga, mbona hatujapewa kadi ya mwaliko? Sherehe iko wapi?" Basi wakafanya sherehe wenyewe kando ya ziwa, kwa sato wa kuchoma na vigelegele kama vya kumpokea bibi harusi.

Picha ya kwanza walitaka waonekane wote, maana miaka yote wamekaa nyuma ya kamera. Mjomba akanikabidhi mimi kamera.

"Nikikosea, Mjomba?"

"Hii si simu, haifutiki. Usikosee."

Wazee wakacheka. Nilijaa fahari kuishika, kwa sababu uzito wake ni uleule wa kamera yako.

Magoti yako yapone upesi, Babu, nimekukumbuka sana.

Niliwaomba wasogeleane, upepo ukaimeza sauti yangu. Nikaipaza: "Mzee Kulwa, vua kofia! Mjomba, vuta tumbo!" Wakatii wote, nami nikabonyeza.

Mjukuu wako,
Koku