Kigari Kisichokunywa

Jumatatu, 4 Machi
Pikapu yetu kuukuu imeuzwa. Mahali pake kimekuja kigari kirefu chembamba, kama kabati lililotiwa magurudumu. Injini cc 1000! Mhasibu alikizunguka mara tatu, kijarida cha kiwandani mkononi, akatusomea: kilomita ishirini kwa lita. Ofisi nzima ikapiga makofi. Nami dereva nikapiga, mjinga mimi.

Mchana tukakipakia. Mafundi rangi wanne (Fundi Mkuu peke yake ni watu wawili), ndoo sita za rangi, ngazi tatu juu ya keria ya paani, na bango la kampuni limesimama mbele yake. Kufika kilimani — gia ya pili, kisha ya kwanza. Injini inalia kama imefiwa. Kila fundi anajifanya mwepesi.

Jumatano, 13 Machi
Kilomita tisa kwa lita. Tisa! Pikapu, pamoja na cc 2400 zake na uzee wake wote, ilikuwa inakwenda kumi kwa mzigo ule ule. Nikamweleza Mhasibu: injini ndogo ukiibebesha mzigo wa kubwa, unaikanyagia mafuta muda wote. Na bango na ngazi zinapigana na upepo njia nzima. Akanitazama kwa huruma. Eti siku hizi upepo unakunywa petroli?

Halafu akauliza kama nyumbani nina jenereta. Ninayo. Mbovu tangu mwaka juzi. Sijui kwa nini nilijibu kwa kigugumizi.

Alhamisi, 14 Machi
Bosi kaamua lifanyike jaribio. Safi sana! Miaka kumi na mmoja kazini, sijawahi kunyonya tone la mafuta. Mhasibu ataendesha mwenyewe, asije akaibiwa huku anaona.

Ijumaa, 15 Machi
Wameshusha ngazi. Wamefungua keria na bango, visikwaruzwe. Mafundi wamebaki ofisini. Kaondoka Mhasibu peke yake, kilo hamsini na tai yake, barabara tambarare, mwendo wa bibi harusi. Kilomita kumi na tisa na nusu kwa lita.

Makofi tena. Sasa mimi ni mwizi, tena kitaalamu. Barua ya kunifukuza inachapwa, Bosi atasaini Jumatatu jioni.

Mke wangu hakulia. Aliuliza tu: baba watoto, kweli hukuchukua? Hilo limeniuma kuliko barua.

Jumamosi, 16 Machi
Fundi Mkuu kampigia Bosi. Kamwambia Jumatatu kazi iko kule mlimani, kilomita ishirini na tano — Mhasibu atuendeshe vile vile tunavyokwendaga. Bosi kakubali, nisije nikasema nimeonewa.

Jumatatu, 18 Machi
Naandika nimekalia ndoo ya rangi nyeupe, kando ya barabara.

Asubuhi Mhasibu alikausha tangi, akapima lita tatu kwa mkono wake. Kwenda na kurudi, na chenji inabaki! Nikasema tuongeze kidogo. Akacheka. Alijua nitasema hivyo.

Yeye kwenye usukani, mkoba wenye barua yangu miguuni pake. Mimi nyuma na mafundi, magoti masikioni, mikono juu ili ionekane. Keria juu, ngazi juu, bango juu. Kilimani jasho lilimtoka kuliko injini. Kilomita ya ishirini na mbili — kikohozi kimoja, kigari kikazima.

Akagonga geji kwa kidole. Akainama kuchungulia uvunguni. Pakavu. Akapekua kijarida, sijui anatafuta ukurasa gani. Nilitaka kucheka, nikahisi machozi ndiyo yaliyo karibu zaidi.

Sasa amekuja kuchuchumaa kando yangu. Sauti ya chini, mafundi wasisikie: “Kaka, mimi na wewe tu. Sitamwambia mtu. Nyie madereva mnajuana… huna kakidumu ulikokaficha mahali?”

Nimemwambia sina. Amekitia kijarida mfukoni. Nadhani ndiyo mara ya kwanza ameniamini, na imemsikitisha sana.

Simu yake inaita. Ni Bosi. Ananinyooshea hiyo simu, nipokee mimi.