Gari Jeupe la Jumapili

3 Machi

Baba mpendwa,

Shikamoo. Hamjambo huko? Goti la mama linaendeleaje? Mimi mzima, ila kazi ya maabara inanichosha.

Baba, nimeliona! Gari jeupe, pacha wa lile letu tuliloliita Bibi Harusi. Nilipoketi ndani machozi yalinilenga. Nilimwona mama kiti cha mbele, akiimba kuishinda redio, nawe ukipiga honi kila kona. Ah, Jumapili zile! Bajeti yangu ni milioni nane. Hili ni kumi na moja, lakini muuzaji atanikopesha zilizopungua. Nipe baraka.

Binti yako

11 Machi

Mwanangu,

Marahaba. Hatujambo, goti linasumbua asubuhi tu.

Usisaini kitu. Kuna bima, usajili, matairi, mafuta. Tafuta la milioni sita, mbili zibaki za hayo. Nimeendesha magari ya kampuni miaka thelathini, nisikilize.

Baba yako

2 Aprili

Baba,

Shikamoo. Natumaini hamjambo. Nilinuna, ndiyo maana kimya.

Mbona wewe ulimnunua Bibi Harusi kwa mshahara wa dereva, na tulikula raha? Jumamosi ijayo nasaini.

Binti yako

6 Aprili

Mwanangu,

Marahaba. Barua hii nampa jirani anayekuja huko, ikuwahi.

Bibi Harusi alinishinda. Nilikopa kupita uwezo, na matairi yalipoisha sikuwa na kitu. Mama yako akanipa pesa, eti mteja aliyemshonea zamani kamlipa. Nikaona meza ya dirishani haina cherehani. Nikasema asante, nikanunua matairi. Wewe ulipomuuliza mbona hashoni, alisema macho yanamuuma. Yalikuwa mazima. Sijawahi kumwomba radhi, na aibu hiyo ninayo mpaka leo.

Baba yako

20 Aprili

Baba,

Shikamoo. Goti la mama je?

Nimenunua dogo, la bluu, milioni sita kamili. Redio mbovu. Nilirudi nyumbani nikilia barabara nzima. Mimi nimekusikiliza, sasa nawe nisikilize. Mwambie mama.

Binti yako

29 Aprili

Mwanangu,

Marahaba. Hongera kwa gari.

Nimemwambia jana, akikunja nguo. Nilisema, "Mke wangu, ile cherehani, nisamehe." Akasimama na shati mkononi. Akaniuliza, "Kumbe uliona?"

Miaka ishirini na miwili aliamini sikuona. Tangu hapo hajanisemesha. Ila asubuhi hii ameniwekea chai, nami nimeinywa yote.

Baba yako