Faili la Siku ya Mnada

Jumanne jioni, Nduguti

Limekubali kuhifadhiwa, na sikumpigia mtu simu.

Miezi yote hii nilikuwa nafungua faili la tovuti yetu ya minada, lililo kwenye seva ya Dodoma, hapa kwenye kompyuta yangu, naandika vizuri, nikihifadhi naambiwa sina ruhusa. Basi nampigia Mzee Njiku, mwenye nywila kuu. Na yeye huwezi kuanza naye kwa faili. Shikamoo kwanza, halafu mvua, halafu alizeti, halafu mgongo wake.

Wiki iliyopita alichoka na simu zangu, akaniruhusu kuhariri ukurasa wa minada kwa akaunti ya tovuti yenyewe, bila nywila yake. Niliogopa kujaribu. Nikiharibu je?

Leo mnada wa Mtinko umerudishwa nyuma, kutoka Alhamisi hadi kesho, na tovuti yetu ilikuwa bado inasema Alhamisi. Watu wangeswaga mbuzi hadi kwenye uwanja mtupu. Nikafungua faili kwa akaunti ile, nikabadilisha siku, nikahifadhi. Dakika mbili tu.

Saa kumi na moja simu ikaita. Mzee Njiku.

"Mbona kimya leo? Unaumwa?"

Nikamwamkia. Tukaanza na mvua.